Nani anabaki baada ya uzinduzi?

Miaka kadhaa iliyopita kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi iliandaa mashindano ya siku mbili ya kutengeneza programu kwa ajili ya mazingira. Timu yetu ilikuwa ya watu wanne. Tulitengeneza programu ya simu ya kumsaidia askari wa wanyamapori kurekodi kila mtego wa waya anaoukuta porini. Anapiga picha, simu inanasa mahali na saa, na akirudi kambini penye mtandao taarifa zinapanda zenyewe. Tulishinda. Tukapigwa picha, kampuni ikaandika habari ndefu kutuhusu, na hifadhi moja ikakubali kuijaribu. Wiki tatu baadaye nikahamishiwa mradi mwingine.

Ikapita miezi kumi na minne. Siku moja nikapata ujumbe kutoka kwa karani wa takwimu wa ile hifadhi, mzee mmoja niliyewahi kuonana naye mara moja tu, siku ya mafunzo. "Kijana wangu, ile programu imekataa kufunguka tangu simu zisasishwe. Taarifa za miezi miwili bado zimo ndani. Tufanyeje?"

Nilijua papo hapo kilichotokea. Toleo jipya la mfumo wa simu lilikuwa limebadilisha namna programu inavyoruhusiwa kusoma mahali ilipo, na hakuna aliyekuwa amegusa msimbo wetu tangu jioni ile ya kupewa zawadi. Seva nayo ilikuwa imezimwa, maana bajeti yake ilikuwa ya mwaka mmoja. Nilikesha siku nne nikizitoa taarifa kwenye simu moja baada ya nyingine, mzee akinishikia subira upande wa pili. Simu tatu zilikuwa zimeshafutwa na kukabidhiwa askari wengine. Mitego iliyorekodiwa humo, vichaka ilimotegwa, njia ambazo majangili walizipendelea msimu ule, vyote vikapotea. Askari walikuwa wametembea kwa miguu wiki nane kuvipata.

Tangu hapo, mtu akiniuliza kampuni ya teknolojia inaweza kuisaidiaje bayoanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe, huwa nazikumbuka kwanza zile simu tatu. Muulizaji mara nyingi hutarajia nitaje kifaa: droni, kinasa sauti cha msituni, akili unde. Vifaa hivyo vina kazi yake na nitavieleza. Ila kwa niliyoyaona, wahifadhi wamekwisha kuletewa vifaa vingi na kampuni zilizokuja, zikazindua, zikaondoka. Wanachokikosa ni kampuni itakayokuwepo mwaka wa sita, mfumo wa simu utakapobadilika tena na karani akatafuta mtu wa kumpigia.

Muda una uzito huu kwa sababu ya namna viumbe wanavyopotea. Mwaka 2019 IPBES, jopo la kimataifa la sayansi ya bayoanuwai, lilisema kwamba aina zipatazo milioni 1 za wanyama na mimea zimo hatarini kutoweka. Likataja sababu tano kubwa: kubadilishwa kwa matumizi ya ardhi na bahari, kuwindwa na kuvunwa kupita kiasi, mabadiliko ya tabianchi, uchafuzi, na viumbe vamizi. Hakuna programu inayoondoa hata moja kati ya hizo. Lakini huwezi kupambana nazo bila kujua kilichopo, kiko wapi, na kama kinapungua. Na kupungua hakuonekani katika hesabu moja. Sensa Kuu ya Tembo iliyoanza mwaka 2014 barani Afrika, kwa fedha za Paul Allen, mmoja wa waanzilishi wa Microsoft, iliwakadiria tembo wa savana katika nchi 18 kuwa 352,271. Ukiambiwa namba hiyo peke yake, huwezi kujua kama ufurahi au ulie. Kilichotisha ni kwamba katika maeneo yenye kumbukumbu za zamani, tembo wapatao 144,000 walikuwa wamepungua kati ya 2007 na 2014. Hilo lilijulikana kwa kuwa kuna watu waliohesabu kabla, wakaandika, wakatunza walichoandika mahali ambapo mwingine angekipata.

Kutunza huko ndiko kazi ambayo kampuni ya teknolojia inaijua kuliko taasisi nyingi za uhifadhi. Tunajua kuhifadhi nakala mbili za kila faili. Tunajua kuhamisha data kutoka mfumo mkongwe kwenda mpya bila kupoteza safu hata moja. Kwetu ni kazi ya kila siku, tena isiyo na sifa, na labda ndiyo maana hatufikirii kuitoa kama msaada.

Kamera za mtego zinaonyesha vizuri kinachohitajika. Kamera hufungwa mtini, na kitu chenye joto kikipita mbele yake inapiga picha. Mradi wa Snapshot Serengeti ulianza mwaka 2010 kwa kamera 225 zilizotawanywa katika kilomita za mraba 1,125. Picha zikamiminika kwa mamilioni, na karibu robo tatu hazikuwa na mnyama yeyote: ni nyasi zilizotikiswa na upepo, au kivuli kilichohama jua lilipopanda. Maelfu ya watu wa kujitolea wakazitazama kupitia tovuti ya Zooniverse na kuandika walichokiona, swala hapa, fisi pale. Mwaka 2018 watafiti wakatangaza kwamba picha milioni 3.2 zilizoandikwa majina na watu hao zimeifundisha kompyuta kutambua aina 48 za wanyama. Habari nyingi za siku zile ziliisifu kompyuta. Mimi huwafikiria zaidi wale watu waliokaa majumbani mwao usiku wakitenganisha swala na swala, kwa sababu bila wao mashine isingekuwa na cha kujifunza.

Nilikaa siku moja karibu na mzee wetu karani akipitia picha za kamera za hifadhi yake. Alikuwa akibonyeza kitufe kimoja tu, picha inayofuata, picha inayofuata, tupu, tupu, tupu, hadi macho yakawa mekundu. Microsoft walitoa bure chombo kinachoitwa MegaDetector, ambacho hakitaji hata jina la mnyama. Kinasema tu: hapa pana mnyama, hapa pana mtu, hapa pana gari, hapa hapana kitu. Nakipenda kwa sababu kinajibu swali dogo na kulijibu vizuri. Mashine iliyofundishwa kutaja majina kwa picha za pori moja huyumba ikipelekwa pori jingine, kwani pamoja na mnyama imekariri pia miti na mawe yaliyo nyuma yake. Chombo cha kuondoa picha tupu kinasafiri vizuri zaidi, na kinamwachia mtaalamu wa pale uamuzi wa kusema huyu ni nani. Mwaka 2025 Google nao waliweka wazi SpeciesNet, inayojaribu kutaja aina. Ni hatua njema, mradi tu mwenye picha aendelee kuikagua.

Kuna msaada mwingine ambao ulikuwa ni kufungua mlango tu. Setilaiti za Landsat za Marekani zimekuwa zikiipiga picha dunia tangu mwaka 1972. Kwa muda mrefu picha hizo ziliuzwa, na mtafiti wa misitu alinunua chache alizozimudu. Mwaka 2008 Marekani ikaziachia bure. Miaka mitano baadaye Chuo Kikuu cha Maryland pamoja na Google walizipitisha picha 654,178 kwenye maelfu ya kompyuta na kutoa ramani ya misitu ya dunia nzima: kati ya mwaka 2000 na 2012 kilomita za mraba milioni 2.3 za misitu zilikuwa zimepotea, na kilomita za mraba 800,000 zilikuwa zimeota upya. Kompyuta moja ingeifanya kazi hiyo kwa miaka 15. Wao walitumia siku chache. Mwanasayansi alikuwa na swali na njia ya kulijibu, kampuni ikawa na nguvu ya kukokotoa ambayo hakuna chuo kingeweza kuinunua. Mwaka 2014 ramani hiyo ikawa moyo wa Global Forest Watch, tovuti ya kufuatilia misitu, na imekuwa ikiongezwa kila mwaka tangu hapo. Mwanaharakati wa msitu mdogo usiojulikana na mtu leo anaweza kuonyesha kwa ushahidi mwaka ambao shoka lilifika. Ingechorwa mara moja na kuachwa, ingekuwa pambo la ukutani.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha papa potwe, yule ambaye wavuvi wengine humwita papa shilingi kwa sababu ya madoa meupe yaliyotapakaa mgongoni mwake kama sarafu. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote baharini, mpole, anakula vijidudu vinavyoelea, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua wako wangapi. Madoa ya kila mmoja ni ya kwake peke yake. Tatizo lilikuwa kuyalinganisha: picha ya leo na picha elfu za zamani, papa akiwa amepinda, maji yakiwa na ukungu. Mtengenezaji programu mmoja, Jason Holmberg, akashirikiana na mwanabiolojia Brad Norman na mwanafizikia wa anga Zaven Arzoumanian. Huyu wa tatu alijua kwamba wanaanga walikuwa na tatizo lile lile tangu zamani: una picha mbili za nyota, unataka kujua kama ni sehemu ile ile ya mbingu. Kanuni ya kulilinganisha ilikuwa imetungwa mwaka 1986. Wakaigeuza, wakaweka madoa mahali pa nyota, na mwaka 2005 wakachapisha matokeo. Mzamiaji yeyote mwenye kamera akawa anaweza kuchangia hesabu bila kumgusa papa wala kumtundika kifaa mwilini.

Ukikisoma kisa hicho haraka unaona ujanja wa nyota. Ukikisoma taratibu unaona kwamba mfumo ule ulikua ukawa jukwaa la Wildbook, na baada ya zaidi ya miaka 20 bado unafanya kazi na umepokea wanyama wengine wengi wenye alama zao. Teknolojia ya namna hiyo ndiyo iliyosaidia kuwahesabu punda milia wa Grevy nchini Kenya mwaka 2016, wananchi wa kawaida walipozunguka na kamera kwa siku mbili, michirizi ikasomwa na kompyuta, na idadi ikatoka 2,350. Mwaka 2018 wakarudia. Kurudia ndiko kunakonigusa.

Sasa nigeukie yale ambayo kampuni nyingi huyaruka.

Data za wanyama adimu zinaua zikiwekwa ovyo. Mwaka 1999 wanasayansi walieleza kwa mara ya kwanza aina ya mjusi wa mapangoni wa kusini mwa China, Goniurosaurus luii, na kama ilivyo desturi ya kitaaluma wakaandika mahali anapopatikana. Wafanyabiashara wa wanyama wa kufuga wakasoma pia. Muda si mrefu mijusi wa eneo lile walikuwa wamemalizwa. Mwaka 2013 mtu asiyejulikana alijaribu kuingia katika barua pepe iliyokuwa ikipokea taarifa za kola, ukanda wa shingoni unaotuma mahali mnyama alipo, ya chui milia mmoja wa hifadhi ya Panna, India. Alizuiwa. Nawaza ni hifadhi ngapi ambazo nywila ya mfumo wa kola imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani.

Hapa kampuni ina hazina kubwa isiyotumika. Wataalamu wetu wa usalama hushinda wakilinda kadi za benki za watu. Wiki mbili zao kwa mwaka zingetosha kuikagua mifumo ya hifadhi kadhaa, kufuta taarifa za mahali zilizojificha ndani ya faili za picha, kuweka utaratibu wa nani anaona nini, na kuchelewesha taarifa za kola zisionekane mara moja kwa kila mtu. iNaturalist, jukwaa la kurekodi viumbe lililoanza mwaka 2008 kama mradi wa wanafunzi huko Berkeley, huficha mahali halisi pa viumbe walio hatarini na kumwonyesha msomaji eneo pana tu. Uamuzi mdogo wa kiufundi, na unaokoa maisha.

Kuna pia watu. Kamera iliyofungwa kwa ajili ya chui haichagui anayepita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 kuhusu hifadhi ya Corbett, India, ulionyesha jinsi kamera na droni zilizowekwa kwa ajili ya wanyama zilivyowanasa wanawake wa vijijini waliokwenda msituni kuokota kuni, na jinsi wanawake hao walivyoacha kuimba na kuongea kwa uhuru mahali ambapo palikuwa pahali pao pa faragha. Nilipousoma niliona aibu, kwa sababu katika programu yetu ile ya mitego hakuna hata mmoja wetu wanne aliyeuliza picha za watu zitakwenda wapi. Kampuni inayotaka kusaidia ianze kwa kuwauliza wanaoishi na msitu huo kama wanakubali, data itakuwa ya nani, na picha yenye sura ya mtu itafutwa baada ya siku ngapi. Majibu hayo yaandikwe ndani ya programu yenyewe. Yakibaki kwenye kijitabu cha sera hakuna atakayeyakumbuka.

Kama kampuni ina soko la mtandaoni au mtandao wa kijamii, basi ina pori lake yenyewe la kulinda. Biashara ya kasa, kasuku, pembe na ngozi imehamia huko. Mwaka 2018 mashirika ya uhifadhi ya WWF, TRAFFIC na IFAW yalianzisha, pamoja na kampuni za mtandao, muungano wa kukomesha usafirishaji haramu wa wanyamapori mtandaoni, na kampuni kubwa kadhaa zikajiunga. Kujiunga ni rahisi. Kazi ngumu ni kwamba muuzaji haandiki "pembe za ndovu". Anaandika neno la mafumbo na kuweka picha, na mashine ya kupendekeza, ile inayokuonyesha viatu baada ya kutazama viatu, inampelekea mnunuzi kitu kingine kama hicho. Kampuni inayoweza kutambua viatu ninavyovipenda inaweza kumtambua mtoto wa sokwe aliyevalishwa nguo za mtoto kwenye video. Sikubali tena nikiambiwa ni vigumu kiufundi.

Halafu kuna kitu chenyewe tunachokishika mkononi. Simu ina madini ya tantalamu ndani ya kapasita zake, vile vipande vidogo vinavyotunza umeme; ina bati kwenye viungio vya saketi, kobalti kwenye betri. Tantalamu hutoka kwenye madini ghafi ya koltani, na koltani nyingi imechimbwa mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenye misitu ya gorila wa Grauer, gorila ambaye haishi popote pengine duniani. Mwaka 1995 alikadiriwa kufikia 16,900. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2016 yalisema wamebaki 3,800. Hesabu pana zaidi ya mwaka 2021 ikapandisha hadi 6,800, ambayo bado haifiki nusu ya waliokuwepo. Vita vilikuwa na sehemu kubwa. Migodi ya porini nayo ilikuwa na sehemu, kwa kuwa wachimbaji waliopiga kambi mbali na mashamba walikula nyama ya kuwinda, na gorila ni mnyama mkubwa asiyejua kukimbia risasi. Wachimbaji hao ni watu maskini waliokuwa wakitafuta riziki. Siwalaumu. Namtazama aliye upande wa pili wa mnyororo, mwenye uwezo wa kuuliza madini haya yametoka shimo gani na kukataa asipojibiwa.

Bati la visiwa vya Bangka na Belitung, Indonesia, huchimbwa hata chini ya bahari, na tope linalotibuliwa hufunika matumbawe. Lithiamu ya jangwa la chumvi la Atacama, Chile, hupatikana kwa kuvuta maji ya chumvi kutoka ardhini, katika bonde lile lile lenye maziwa wanamojilisha ndege heroe. Halafu baada ya safari yote hiyo kifaa kinatupwa. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizorekodiwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Kwa hiyo kampuni inayotengeneza simu ikiniuliza ifanye nini kwa bayoanuwai, naiambia iendelee kusasisha simu iliyouza miaka minane iliyopita. Iuze betri na kioo kwa fundi yeyote. Isifunge kifuniko kwa gundi. Fairphone, iliyoanza Amsterdam mwaka 2013, imeonyesha kwamba simu inaweza kufunguliwa na mwenyewe kwa bisibisi. Simu inayodumu mara mbili zaidi inapunguza haja ya shimo jingine msituni, na hesabu hiyo haihitaji mtaalamu. Tena naona ni tabia ile ile niliyoisema mwanzo: kutokukimbia kitu ulichokiuza, kama vile kutokukimbia programu uliyoizindua. Shirika la Rainforest Connection lilianza kwa kuchukua simu za zamani, likazifunga juu ya miti na kuziacha zisikilize mlio wa misumeno ya mnyororo. Nikiiwaza simu iliyodharauliwa ikiwa juu kule, ikilinda msitu wa aina ile ile ulioumizwa ili izaliwe, nakosa maneno.

Vituo vya data navigusia tu, ingawa ni vikubwa. Mwaka 2024 vilitumia takriban terawati-saa 415 za umeme, karibu asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia, na vingi hunywa maji mengi kupoza mashine. Uamuzi wa kujenga kimoja kando ya bonde oevu au mbali nalo hufanywa kwenye chumba ambamo mara nyingi hakuna mwanaikolojia hata mmoja. Aajiriwe.

Na fedha? Kampuni hupenda kupanda miti kwa kuwa miti inahesabika na inapigika picha. Mti wa aina moja uliopandwa kwenye mbuga ya nyasi unaweza kuwafukuza ndege na wadudu waliozaliwa na nyasi hizo, kwa hiyo ningependa mwenye fedha aulize kwanza palikuwa na nini pale. Mkutano wa kimataifa wa bayoanuwai uliofanyika Cali, Colombia, mwaka 2024 ulikubaliana kuanzisha Mfuko wa Cali: kampuni kubwa zinazonufaika na data za mfuatano wa vinasaba vya viumbe, zikiwemo za akili unde zinazotoa huduma zinazohusu data hizo, zinatarajiwa kuchangia asilimia 1 ya faida au asilimia 0.1 ya mapato. Ni hiari. Kampuni inayosema inajali iko huru kulipa leo bila kusubiri kulazimishwa. Na nje ya mfuko huo kuna mambo yasiyo na mvuto ambayo karibu hakuna anayeyafadhili: mshahara wa karani kwa miaka kumi, leseni, diski za akiba, nauli ya mtu wa kwenda kubadilisha betri. GBIF, hifadhidata ya kimataifa iliyoanza mwaka 2001, ina rekodi zaidi ya bilioni 2 za viumbe, na sehemu kubwa ni za ndege, tena kutoka nchi tajiri. Misitu yenye viumbe wengi zaidi ndiyo yenye nukta chache kwenye ramani hiyo. Nukta hazijazwi na uvumbuzi. Zinajazwa na mtu anayelipwa kwenda pale kila mwezi.

Baada ya zile siku nne za kukesha nilifanya utafiti ambao tulipaswa kuufanya kabla ya mashindano. Nikagundua kwamba chombo cha kurekodi doria kilikuwepo tayari. Kinaitwa SMART, kilianzishwa mwaka 2011 na mashirika ya uhifadhi yaliyoungana, ni cha bure, na kinatumika katika hifadhi nyingi duniani. Mzee karani alikuwa amekisikia. Hakutaka kutuvunja moyo siku ya mafunzo, vijana tuliokuja na fulana mpya.

Tuliifuta programu yetu. Nilimwomba mkuu wangu kitu kimoja: siku moja kwa wiki, ya mtu mmoja, kwa miaka mitano, iandikwe kwenye mkataba na hifadhi. Ilichukua muda, akakubali. Alhamisi ndiyo siku hiyo. Nyingine hupita nikisafisha faili zilizoandikwa tarehe kinyume, nyingine nikimweleza askari kwa simu namna ya kurudisha nywila. Nimewahi kutumia Alhamisi mbili nzima kwa ajili ya kebo moja iliyoliwa na panya. Data zile za zamani tulizoziokoa tumeziingiza zote kwenye mfumo mpya, isipokuwa za simu tatu, na kwenye ramani pengo lao linaonekana: kipande cha bonde kisicho na nukta kwa wiki nane, kati ya misimu miwili iliyojaa.

Mzee amestaafu mwaka huu. Aliyechukua nafasi yake ni binti mmoja makini, ambaye siku ya kwanza alikaa na daftari akaandika kila nilichosema. Nilipomaliza kumwonyesha ramani, kamera, na jinsi ya kutoa nakala, akafunga daftari na kuniuliza, "Samahani kaka, na nikikwama mwakani, au mwaka wa kesho kutwa, nitakupata kwenye namba hii hii?"

Nikamwambia atanipata. Kisha nikampa na namba ya mwenzangu, ili siku nikihama awepo wa kupokea.